Mkono wa Mwalimu Atuganile

"Vueni viganja," alisema Mwalimu Atuganile, na watoto wa darasa lake wakanung'unika kwa pamoja, kila mmoja nyumbani kwao, kuanzia Ukerewe mpaka Pemba.

Viganja ndilo jina walilozipa glavu zao. Kampuni iliyozitengeneza ilikuwa na jina lake refu la kitaalamu, ambalo hakuna mtoto aliyewahi kulimaliza. Ndani ya kitambaa zilipita nyuzi nyembamba zilizokaza na kulegea, hata mtoto akishika mchemraba usiokuwapo anahisi kona zake zinavyomchoma kidoleni. Watoto wa Shule ya Hewani walikuwa wamezizoea kiasi kwamba kuzivua katikati ya somo la jiometri waliona ni uonevu mtupu.

Lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Umbo huanza mkononi, likahamia kichwani, na mwalimu asiyejua wakati wa kuvua glavu anafuga mikono tu.

"Haya. Shikeni mchemraba akilini. Usimamisheni kwa kona moja, kona ya mkabala iangalie dari. Mmeuona? Sasa pitisheni kisu katikati kabisa, sambamba na sakafu. Uso uliokatwa una umbo gani?"

"Mraba," alisema mmoja haraka haraka.

"Pembetatu," alisema Pascalia wa Nansio.

"Pembetatu ungeipata kama ungekata karibu na kona, Pascalia. Nimesema katikati. Usinikatie kona kona."

Wakacheka. Mize Hamad hakucheka. Alikuwa amefumba macho kule Micheweni, mkono mmoja unazunguka hewani taratibu kama anayekuna nazi. Mtoto huyu, alipoingia darasani mara ya kwanza, alilia kwa sababu ya boksi la viatu. Aliambiwa aseme boksi likifunguliwa litalala vipi mezani, akaona mbele yake karatasi tu, karatasi isiyotaka kuwa kitu. Mwalimu wake wa zamani alikuwa amemwambia kwamba hesabu za maumbo si za kila mtu, akaliamini neno hilo na kulibeba mpaka hapa.

"Pembesita," alisema Mize.

"Kwa nini?"

"Kisu kinapita kwenye nyuso zote sita, Mwalimu. Kila uso unabakiwa na mstari mmoja. Mistari sita."

"Kata tuone."

Kila mtoto alikuwa na kipande cha mche wa sabuni alichokichonga mapema kikawa mchemraba. Mize akausimamisha wake kwa kona, akakata, akaunyanyua mbele ya kioo kilichomwonyesha kwa darasa. Pembesita ilikuwa pale, nyeupe, imepinda kidogo upande mmoja kwa sababu kisu kilikuwa butu. Darasa zima likapiga makofi, na Mwalimu Atuganile, peke yake kwenye chumba chake cha Tukuyu chenye mvua juu ya bati, akajikuta anapiga makofi pia. Alikuwa amefundisha muda mrefu, na bado furaha hii ilimjia mpya kila mara.

Aliona kwamba kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto wa Mize. Aliona, akapita.

Ndipo uso mwingine ukaingia kwenye kioo cha Mize, uso wa mzee mwenye kofia ya viua na ndevu zilizopunguzwa vizuri.

"Mwalimu, ukimaliza naomba nafasi."

"Shikamoo, mzee wangu. Nimemaliza."

"Marahaba. Mimi ni Faki Kombo, babu yake huyu."

Huyo Mzee Faki alikuwa refa. Alistaafu zamani, lakini filimbi yake bado ilining'inia ukutani nyuma yake, na bado aliongea kama mtu aliyezoea watu wanyamaze kwanza. Alisubiri watoto wengine watoke mmoja mmoja mpaka wakabaki watatu.

"Jana nimetembelewa na sheha wetu, na wazee wawili. Nikamwambia huyu mtoto atuletee kahawa. Akampa sheha kikombe kwa mkono wa kushoto."

"Pole, mzee."

"Ngoja. Nikadhani kapitiwa. Nikamkonyeza. Mzee wa pili, akampa vilevile. Sheha ni mtu wa watu, alikipokea, lakini alikipokea kama unavyopokea samaki aliyechina, anayenuka. Sasa mwalimu, mimi sikumfundisha hivyo. Mama yake, Mungu amrehemu, hakumfundisha hivyo. Kitu kipya katika nyumba hii ni kimoja tu, nacho ni hizo glavu zenu."

"Babu, mimi sikukusudia," alisema Mize. "Mkono wenyewe unakwenda."

Mwalimu Atuganile akaufunika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, chini ya meza, ingawa hakuna aliyekuwa anauona.

*

Injinia Rwegasira wa kampuni alipokea wito akiwa Dodoma, mdomoni ana kipande cha andazi. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye adabu, na aliyeamini kwamba kila tatizo lina kitufe chake mahali fulani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Rwegasira, hebu niangalizie mwangwi wa darasa langu."

Mwangwi ndio ulikuwa moyo wa viganja. Mwalimu alipozungusha umbo kwake Tukuyu, nyuzi za glavu zake zilituma mzunguko ule kwa watoto wote, na kila mtoto akahisi kana kwamba mikono ya mwalimu imo ndani ya mikono yake, inamwelekeza. Si kwa nguvu. Kiasi cha mtu kukushika kiwiko unapovuka barabara. Mtoto aliyeshindwa kugeuza piramidi kwa kuambiwa aliigeuza kwa kuhisi, na baada ya miezi mkono ulikuwa umejifunza, na kichwa nyuma yake.

Rwegasira aliacha kutafuna.

"Mwalimu, wewe ni wa kushoto?"

Hakuwahi kuulizwa hivyo tangu utoto. Alitaka kusema hapana, kama alivyosema maisha yake yote, na kwa namna fulani lisingekuwa uongo. Aliandika kwa mkono wa kulia. Alikula kwa wa kulia, alisalimia kwa wa kulia, alipika kwa wa kulia. Shangazi yake aliyemlea alikuwa amehakikisha. Kila asubuhi alimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga kuukuu, akamfungua jioni, na akambusu palipobaki alama. Alifanya kwa mapenzi. Hakutaka mtoto wa kaka yake aaibike mbele za watu.

Lakini katika Shule ya Hewani watoto walikuwa wanaona umbo tu, hawaoni mwalimu. Chumbani kwake, mlango umefungwa, mchemraba unaelea mbele yake, mkono wa kushoto ulikuwa umetoka wenyewe. Ulikuwa mwepesi. Ulijua mambo ambayo ule wa kulia, pamoja na kufundishwa kwake kote, haukuwahi kuyajua. Zile zilikuwa saa za siku alizozipenda kuliko zote, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Ndiyo," alisema. "Ni wa kushoto."

"Sasa hapa ndipo palipoharibika. Mfumo ukijua mwalimu ni wa kushoto unamgeuza. Mzunguko wa kushoto kwake unafika kulia kwa mtoto, kama kwenye kioo. Lakini kwako umesajiliwa mkono wa kulia ndio wa kazi." Alikunja uso. "Na nimekusajili mimi mwenyewe. Nilikuja huko na bangili, nikakwambia nipe mkono wako wa kazi."

"Ukanyoosha mkono," alisema Atuganile, "na wewe ni mgeni, umetoka mbali, umesimama mlangoni kwangu. Ningekupaje wa kushoto?"

Hata Rwegasira hangekubali kupewa wa kushoto, na wote wawili walilijua hilo. Waliotengeneza mfumo ule hawakufikiria kwamba mtu anaweza kuudanganya kwa sababu ya heshima tu.

"Basi si neno," alisema. "Linarekebishika. Nageuza mwangwi leo hii. Halafu naongeza msukumo kidogo sana, chini ya kiwango cha mtoto kuhisi, kila anapotanguliza kushoto. Muhula ukiisha mikono imerudi kulia yote. Wazazi wataona watoto wameacha, watashukuru Mungu, yamekwisha."

"Bila kuwaambia?"

"Mwalimu, Jumamosi ni kikao cha wazazi." Sauti yake ilishuka. "Wasipokubali kuendelea, viganja vinarudi ghalani. Unajua ilivyokuwa kabla. Picha bapa kwenye kioo."

Alijua. Alikumbuka boksi la viatu.

"Niletee huo msukumo kwangu kwanza," alisema. "Niuhisi."

Akavaa glavu. Piramidi ikatokea juu ya meza, akainyooshea mkono wa kushoto. Nyuzi zikakaza kidogo tu, kwa upole mkubwa, na mkono ukasita. Kabla hajajua, wa kulia ulikuwa umetangulia. Hakuna kilichouma. Kama asingekuwa anajua, angeapa kwamba amechagua mwenyewe.

Aliujua ule upole. Aliufahamu tangu zamani, na ulimkasirisha sana kuukuta hapa. Tena kanga ya shangazi ilikuwa na nafuu yake, kwa sababu ilionekana. Aliweza kuiangalia, kuichukia, kuililia, na jioni kufunguliwa. Kitu hiki mtoto angekibeba maisha yake yote asijue kwamba aliwahi kufungwa.

Hata hivyo, nisimfanye mtakatifu. Alikaa na glavu zake mapajani hadi chai ikapoa, na katika muda huo alikuwa ameshakubali mara mbili kichwani mwake. Alimuona Mize akirudi kwenye karatasi isiyotaka kuwa kitu. Alijiambia kwamba ukweli ni mzuri kwa anayeweza kuubeba, na kwamba Pemba hawataubeba. Kisha alikumbuka sauti ya mtoto ikisema mkono wenyewe unakwenda, sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kosa la mwingine.

"Usiguse kitu, Rwegasira," alisema. "Zima mwangwi tu. Jumamosi nitasema nao."

"Mwalimu, watakula wewe."

"Watanila nikiwa na mikono yote miwili."

*

Wazazi walijaa kioo kizima, wengine jikoni, wengine dukani, mmoja ameshika kuku. Watoto walikaa pembeni mwao. Mwalimu Atuganile hakuzunguka. Alieleza mwangwi ni nini, na jinsi mkono wake ulivyopita kwenye mikono ya watoto wao. Alieleza bangili, na mgeni mlangoni, na aliposema kwamba hakutaka kumpa mgeni mkono wa kushoto, akina mama kadhaa wakatikisa kichwa kwa kukubali bila kutaka.

Baba yake Pascalia ndiye aliyetangulia kusema.

"Kwa hiyo mmeingia mikononi mwa watoto wetu bila hodi."

"Ndiyo," alisema.

"Na ungeweza kuwarudisha vilevile, bila hodi?"

"Ndiyo. Nimeletewa njia hiyo nikaikataa." Akainua mkono wa kushoto, mtupu, mbele ya watu wote, na uso wake ukawaka moto kama binti. "Huu ndio wenyewe. Nilipokuwa mdogo nilifungwa huu ili nijifunze ule. Aliyenifunga alinipenda. Lakini sitamfunga mtoto wa mtu asipojua. Mtoto akitaka kurudi kulia, arudi mwenyewe, akijua. Akitaka kubaki, hilo mtazungumza naye ninyi. Mimi nitafundisha bila mwangwi. Tutakwenda polepole."

Kukawa na zogo. Mama mmoja alisema kwao hakuna shida, bibi yake alikuwa wa kushoto na alilima kuwashinda wote. Mwingine akasema yeye hataki mashine inayojua mkono wa mwanawe kuliko yeye. Maneno yakagongana mpaka Mzee Faki akakohoa, kikohozi cha uwanjani, na wote wakanyamaza.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Huo mwangwi umeuzima?"

"Tangu Jumatano, mzee wangu."

"Na glavu akivua. Anabaki na nini? Maana kama alichonacho ni cha mashine, warudishiwe mashine yao. Kama ni chake, hilo ni neno jingine."

Hakungoja jibu. Alisimama, akatoka kwenye kioo, akarudi na mpira wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe, umelainika kwa miaka ya kupanguswa. Ulikuwa mpira wa fainali yake ya mwisho, na katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Hakumpa Mize. Aliushika mwenyewe, kipande kimoja cheusi kikimtazama mtoto.

"Fumba macho. Kipande hiki cheusi ncha yake inaangalia juu. Upande wa pili, mkabala kabisa, kuna nini?"

Mwalimu Atuganile alitaka kusema kwamba hawajafika huko. Maumbo yenye nyuso nyingi hivyo yalikuwa ya mwaka mwingine. Akajizuia.

Mize akafumba macho. Mkono wa kushoto ukapanda hewani, ukaanza kuzungusha mpira usiokuwapo. Ukasimama nusu. Mtoto akaurudisha mapajani mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akapandisha wa kulia. Huu ulikuwa mzito, ulikwama, ulirudi nyuma, ukaanza tena. Yule mzazi aliyeshika kuku akamwachia, kuku akaenda zake. Mtoto alikuwa anapita kipande kwa kipande, midomo yake inatikisika.

"Kila cheusi kimezungukwa na vyeupe vitano," alisema, macho bado kayafumba. "Nikishuka... kule chini kuna cheusi kingine, Babu. Lakini kimegeuka. Hiki ncha yake inaangalia juu, na kile ncha yake inaangalia chini."

Mzee Faki akaugeuza mpira taratibu, kidole gumba kimebaki kwenye ncha ya kwanza, kidole kingine kikitafuta upande wa pili. Akaangalia. Akaugeuza tena, akaangalia tena, kama anayeangalia kama mpira umevuka mstari.

"Miaka yote hii nimeshika mipira," alisema. "Sikuwahi kuliona hili."

Akamwita Mize asogee, akampa mpira ule. Mtoto akaupokea kwa mikono miwili.

"Chake," Mzee Faki aliwaambia wazazi. "Mimi naafiki waendelee. Ila Mize, sheha anakuja tena Ijumaa. Kikombe chake, tuelewane."

"Nitampa kwa mikono miwili, Babu."

"Hapo sawa. Hapo hata mimi sina kadi."

Si wote walioafiki. Baba yake Pascalia alimtoa binti yake kwa muhula ule, akasema atamrudisha akiona wenzake walivyo, na Mwalimu Atuganile alimwambia kwamba ana haki. Iliuma, kwa sababu Pascalia alikuwa anakaribia kuona. Lakini waliobaki walikuwa wengi kuliko alivyoogopa, na Jumatatu alianza nao somo la uakisi, ambalo halikuwa kwenye ratiba. Kila mtoto alichukua alichokijua kwa mkono mmoja akakihamishia mwingine, peke yake, kama kwenye kioo. Wengine walirudi kulia. Wengine walibaki kushoto, na mmoja wa Kilosa aligundua kwamba anaweza kuzungusha maumbo mawili kwa mpigo, akaanza kuwakera wenzake kwa majivuno. Darasa lilikuwa na kelele, lilikwenda polepole, na mwalimu wake alikuwa na furaha.

*

Rwegasira alifika Tukuyu na bangili yake wiki iliyofuata, viatu vimejaa tope jekundu. Ilibidi asajili upya mkono wa mwalimu, ingawa mwangwi ulibaki umezimwa.

Mwalimu Atuganile alimfungulia mlango. Mvua ilikuwa imekatika, migomba bado inadondosha maji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Pole na safari."

Kijana akafungua mkoba, akaitoa bangili, kisha akasimama nayo. Alitakiwa kusema maneno yaleyale, na ilionekana anayaonea haya.

"Mwalimu," alisema, "nipe mkono wako wa kazi."

Mkono wa kulia ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Aliuhisi, akautuliza ubavuni. Kisha akamnyooshea mgeni ule wa kushoto, mlangoni kwake, mchana kweupe, majirani wakipita barabarani.

Rwegasira aliutazama. Alikuwa amelelewa vizuri, na yule mbele yake alikuwa na umri wa mama yake. Hakumvalisha bangili. Aliihamishia mkono wa kulia, akautia mfukoni pamoja nayo, akanyoosha wake wa kushoto, na wakasalimiana.